Miligramu siyo mililita: hesabu za dawa kwa mnaosomea unesi

Mitihani inakaribia, na tangu mwezi uliopita wadogo zangu wa vyuo vya unesi wamenijazia barua pepe. Swali ni lile lile: "Dada, anatomia naelewa, maadili naelewa, ila zile hesabu za dawa zinanimaliza." Nimejibu mmoja mmoja mpaka mikono imechoka, nikaona bora niandike hapa mara moja wote msome. Najua wengine mko kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo chapisheni au mnakili kwenye daftari, mtaisoma mkifika hosteli.

Naanza na kisa, manake bila kisa mtaona hii ni hesabu ya darasani tu.

Nilikuwa nesi mpya, miezi michache tu kazini, zamu ya usiku, wodi ya watoto. Msimu wa mvua, malaria imechachamaa, kitanda kimoja watoto wawili. Akaletwa mtoto wa kilo 12, degedege limemshika njiani. Daktari akaandika artesuneti miligramu 36 kwa mshipa. Kichwani nikajua hiyo ni mililita 3.6, nimeshaifanya mara kibao. Kwenye trei nikakuta kichupa cha artesuneti kimeshachanganywa. Nikasema afadhali, mwenzangu kanirahisishia kazi. Nikaingiza sindano nikavuta. Zikatoka mililita 3, kichupa kikakauka. Nikajisemea labda imemwagika kidogo, nikafungua kichupa kingine niongezee ile 0.6 iliyobaki.

Pale pale Sista wa zamu, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo umechanganya wewe?" Nikamwambia hapana Sista, nimeikuta. "Sasa kama hujachanganya wewe, humo ndani kuna miligramu ngapi kwenye kila mililita?"

Jamani, sikuwa na jibu. Ile dawa ilichanganywa kwa ajili ya mtoto mwingine wa kuchomwa kwenye msuli, na ya msuli huwa nzito mara mbili ya ile ya mshipa. Zile mililita 3 zilikuwa na miligramu 60 nzima. Mtoto anatakiwa 36, mimi nina 60 mkononi na bado natafuta za kuongeza! Sista akaimwaga, akasimama pembeni yangu nikachanganya upya. Mtoto alipona, siku ya nne alikuwa anamsumbua mama yake anataka soda.

Wakubwa wakaniambia artesuneti ni dawa yenye huruma, ukizidisha mara moja mara nyingi mwili unavumilia. Lakini zipo dawa zisizo na huruma hata kidogo, na mkono ungekuwa ule ule. Tangu siku ile naamini jambo moja, na ndilo nataka mtoke nalo hapa: daktari anaandika miligramu, ila mkono wako unachoma mililita. Kati ya hizo mbili ndipo mgonjwa anapoponea au anapoumizwa, na hapo katikati umesimama wewe nesi.

KANUNI MOJA TU

Watu wanakariri kanuni kumi, chumba cha mtihani zinachanganyika zote. Shika hii moja:

Dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo uliopo.

Mfano rahisi: mtoto wa kilo 10 ana homa, anatakiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. 15 mara 10 ni miligramu 150. Chupa ya maji imeandikwa miligramu 120 kwenye mililita 5. Basi 150 gawanya kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 6.25. Kwisha.

Sasa kabla hujapiga mstari chini ya jibu, jiulize: inaingia akilini? Mililita 5 zina miligramu 120. Nataka 150, yaani zaidi kidogo. Basi jibu lazima lizidi 5 kidogo. 6.25 inaingia akilini. Ungepata 62.5 ungejua umepotea kabla mwalimu hajajua. Hii tabia ya kukisia kwanza ndiyo Sista alikuwa nayo na mimi sikuwa nayo. Kichupa kilipokauka kwenye mililita 3, dawa yenyewe ilikuwa inanipigia kelele kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mimi nikaiziba mdomo kwa kufungua kichupa kingine.

Kabla ya kanuni, hakikisha vipimo vinafanana. Gramu 1 ni miligramu 1000. Miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Huwezi kugawanya gramu kwa miligramu. Wengi wanaofeli swali hili wanafeli hapo tu, hesabu yenyewe wanaijua.

ARTESUNETI: SWALI LINALOPENDWA

Zamani malaria kali tulitibu kwa kwinini. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza artesuneti iwe ndiyo dawa ya kwanza kwa watoto pia. Kwa hiyo hii siyo dawa ya kwenye kitabu, utaishika wiki yako ya kwanza kazini.

Dozi ni hivi. Mtoto aliye chini ya kilo 20: miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 na kuendelea, watu wazima wakiwemo: miligramu 2.4 kwa kila kilo. Wanafunzi wanauliza inakuwaje mdogo apewe nyingi zaidi kwa kilo? Ni kwa sababu ilionekana kwamba kwa dozi ile ile ya 2.4, watoto wadogo wanabaki na dawa kidogo kwenye damu kuliko wakubwa. Ndiyo maana mwaka 2015 dozi yao ikapandishwa. Inatolewa saa ya sifuri, ya 12 na ya 24, halafu mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Akiweza kumeza anamaliziwa na dozi kamili ya dawa mseto. Usimwache njiani.

Sasa kuchanganya. Kichupa cha miligramu 60 chenye viyeyushi viwili: unaweka kwanza mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, unatikisa mpaka iwe maji meupe kabisa. Halafu:

- Ya mshipa: ongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Jumla mililita 6, kila mililita ina miligramu 10.
- Ya msuli: ongeza mililita 2. Jumla mililita 3, kila mililita ina miligramu 20.

Mmeona? Mtoto yule yule wa kilo 12, miligramu zile zile 36, kwa mshipa ni mililita 3.6, kwa msuli ni 1.8. Ukikariri mililita umekwisha. Kariri miligramu kwa kilo, mililita uzitafute upya kila mara. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki unamwaga, hakuna cha kumwekea mwenzio. Na usome kikaratasi cha ndani ya boksi, manake kuna vichupa vya miligramu 30 na 120, na siku hizi zipo pia zenye kiyeyushi kimoja tu. Boksi likibadilika, hesabu inabadilika.

Na mpime mtoto uzito jamani! Kwenye mizani, siyo kwa macho. Ukikosea kilo, kila hesabu inayofuata ni sahihi kwa mtoto mwingine ambaye hayupo pale kitandani.

ASILIMIA NA KIFAFA CHA MIMBA

Hapa ndipo mikono inatetemeka. Magnesiamu salfeti imeandikwa 50%, daktari anasema toa gramu 4. Asilimia maana yake ni gramu ngapi ndani ya mililita 100. Kwa hiyo 50% ni gramu 50 ndani ya mililita 100, yaani nusu gramu kwenye kila mililita. Gramu 4 basi ni mililita 8. Hizo hazichomwi hivyo hivyo kwenye mshipa. Unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, zinakuwa mililita 20 za nguvu ya 20%, unatoa polepole bila haraka. Kwa utaratibu wa msuli anapewa pia gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa nne.

Dawa hii inaokoa akina mama kweli kweli. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake kama 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini ikizidi mwilini inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata unaangalia vitu vitatu: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, na goti liruke ukiligonga. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na unamwita daktari. Dawa ya kuipinga ni kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za 10%, polepole kwenye mshipa. Hiyo iwe karibu na kitanda tangu mwanzo, siyo stoo iliyofungwa na ufunguo kaenda nao mtu nyumbani.

Kwa nini mkojo? Figo ndizo zinazoitoa hiyo dawa. Mkojo ukikata, dawa inajikusanya. Mkielewa hivyo hamhitaji kukariri. Na pumzi mhesabu dakika nzima kwa saa mkononi. Kuna mchezo wa kuandika 20 kwa wagonjwa wote wodini, mnajijua. Siku namba ile ikiwa ndiyo ya kuamua dozi, hiyo 20 ya kutunga inaua mtu.

DRIPU

Ujazo wa dripu mara matone kwa mililita, gawanya kwa dakika. Mililita 1000 kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa 480, ni 41.67. Hakuna robo tone, andika 42.

Njia ya mkato: tafuta kwanza mililita kwa saa. Mpira wa matone 20, gawanya kwa 3. Wa matone 15, gawanya kwa 4. Ule wa matone madogo 60, namba inabaki ile ile. Hapo juu ni mililita 125 kwa saa, gawanya kwa 3, unarudi 42. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya mpira, soma kabla hujaitupa. Kwenye mtihani andika njia ndefu upate alama za njia, ya mkato itumie kuhakiki.

DAWA ZISIZO NA HURUMA

Potasiamu kloraidi: kamwe usiisukume moja kwa moja kwenye mshipa. Moyo unasimama. Inachanganywa kwenye dripu, unapindua mfuko mara kadhaa ichanganyike vizuri, ndipo unaitundika. Na ampuli yake inaweza kufanana sana na ya maji ya sindano, kwa hiyo zisikae droo moja. Soma jina mara tatu: ukiitoa, ukiivuta, ukiirudisha.

Insulini: inapimwa kwa uniti, ya kawaida ina uniti 100 kwenye mililita 1, na ina bomba lake maalum la sindano. Andika neno "uniti" lote. Ukifupisha kwa herufi U, mwandiko ukiwa mbaya inasomeka sifuri, uniti 4 zinakuwa 40.

Nukta: andika 0.5, usiandike .5, manake nukta ikifutika inasomeka 5. Na andika 1, usiandike 1.0, manake inasomeka 10. Kosa la mara kumi linazaliwa na nukta moja ya kalamu.

NA VILE VITANO MNAVYOIMBA

Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Halafu unaandika kwenye faili BAADA ya kutoa, siyo kabla. Kila mwanafunzi anaviimba. Kisa changu kinaonyesha shida: mgonjwa alikuwa sahihi, dawa sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Nilifeli kimoja tu, na mtu mwingine alikuwa macho. Ndiyo maana dawa za hatari zinahakikiwa na watu wawili, kila mtu akipiga hesabu yake mwenyewe. Siyo wewe unasema "ni 3.6 eeh?" na mwenzio anaitikia "eeh". Hiyo ni kwaya, siyo uhakiki.

Na msione makosa haya ni ya Bongo tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya dunia nzima juu ya makosa ya dawa, likikadiria hasara yake kuwa dola bilioni 42 kwa mwaka. Hata hospitali zenye mashine za kila aina wanakosea. Tofauti ni kama kuna mtu wa kukushika mkono, na kama wewe ukishikwa unanuna au unashukuru.

JIPIMENI

1. Mtoto kilo 16, malaria kali, artesuneti ya kichupa cha 60 kama hapo juu. Mililita ngapi kwa mshipa? Kwa msuli je?
2. Mtu mzima kilo 60, artesuneti kwa mshipa. Vichupa vingapi, mililita ngapi?
3. Dripu mililita 1000 kwa saa 10, mpira wa matone 20. Matone mangapi kwa dakika?
4. Damu mililita 450 kwa saa 4, mpira wa matone 15. Matone mangapi?
5. Mama wa kifafa cha mimba, muda wa dozi ya msuli umefika. Pumzi 12, mkojo wa saa nne zote mililita 70, goti haliruki. Unafanya nini?

Msichungulie kwanza!

Majibu. (1) Miligramu 48: mshipa 4.8, msuli 2.4. (2) Miligramu 144: vichupa 3, mililita 14.4. (3) 33. (4) 28. (5) Hutoi dozi. Unaita msaada, unaangalia njia ya hewa na kumpa oksijeni, unamwita daktari, na kalsiamu glukoneti inakuwa tayari. Aliyeandika mililita 10 za magnesiamu kwa swali la tano hesabu kapata, mgonjwa kampoteza.

Kwenye mtihani wowote, wa chuo au wa leseni, fanyeni hivyo hivyo: andika kanuni, badilisha vipimo, onyesha njia, andika kipimo mbele ya jibu (7.5 tupu siyo jibu, 7.5 ya nini?), halafu jiulize kama inaingia akilini. Kazini fuateni mwongozo wa Wizara na kikaratasi cha dawa iliyo mkononi, siyo kumbukumbu ya dada yenu wa mtandaoni.

Sista wangu kashastaafu, analima mahindi kwao. Swali lake bado nalitumia kila zamu, na sasa nawauliza mimi wanafunzi: hiyo umechanganya wewe? Wengine wananiona mnoko. Sawa tu.

Haya, kazi kwenu. Aliyepata tano kwa tano aseme hapo chini, aliyekwama aandike swali namba ngapi na amekwamia wapi, nitapita jioni nikitoka zamu. Na manesi wakongwe mnaosoma hapa, tupeni na nyie siku mliyoshikwa mkono. Wadogo wajue hakuna aliyezaliwa anajua.

Tuko pamoja.